Siri na Fumbo



Katika Kwaresima iliyopita, kijana mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma baada ya mkutano akatuonyesha simu yake. Alikuwa ametumiwa ujumbe na mtu asiyemfahamu. Juu ya ujumbe ule palikuwa na picha ya karata: mwanamume amesimama nyuma ya meza, mkono mmoja ameuinua juu, mwingine ameuelekeza chini. Maneno yaliyofuata yaliandikwa kwa ustadi. Yalisema kwamba ipo elimu iliyofichwa tangu enzi za Misri, kwamba matajiri wote wa dunia wameipitia, na kwamba naye anaweza kufunguliwa mlango kwa ada ya dola ishirini, zilipwe kwa simu. Sharti lilikuwa moja tu: asimwambie mtu yeyote, hata mama yake.

Kijana hakuwa amelipa. Alikuwa na swali. "Hii, na Bwami ya babu yangu, ni kitu kimoja?"

Jibu letu lilikuwa la haraka, na kwa sababu hiyo lilikuwa baya. Tulimwambia kwamba yote mawili ni mambo ya giza, aachane nayo, aende akasali. Aliitikia kwa adabu akaenda zake, nasi tulibaki tukijua kwamba hatukumsaidia. Babu yake tulimfahamu. Alikuwa mzee wa amani aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba, akazikwa kwa ibada ya Kanisa. Kumtia mzee yule katika kapu moja na tapeli wa simu kulikuwa kumdhulumu marehemu asiyeweza kujitetea. Tunayoandika leo ni jibu la pili, ambalo tulipaswa kulitoa siku ile.

Tuanze na karata, maana habari yake ni fupi. Karata za taroti zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa karata za mchezo tu, kama hizi ambazo wachimbaji wetu huchezea jioni. Miaka zaidi ya 300 ilipita kabla hazijapewa sifa ya kuwa hazina ya Misri. Aliyezipa sifa hiyo ni Mfaransa Antoine Court de Gébelin, aliyeandika huko Paris mwaka 1781 kwamba michoro yake ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa Farao. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion alianza kuyafumbua mwaka 1822. Baadaye, mwaka 1888, ilianzishwa London jamii ya siri iliyoitwa Hermetic Order of the Golden Dawn, yenye ngazi, viapo na mavazi ya ibada. Watu wawili waliopitia jamii hiyo, Arthur Edward Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, ndio waliotoa mwaka 1909 karata ambazo picha zake zimeenea kuliko nyingine zote. Ile iliyofika Kamituga katika simu ya kijana wetu ilichorwa na mkono wa mama huyo. (Yeye mwenyewe aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1911. Tunalitaja hilo kwa sababu tapeli hakulitaja.)

Kuhusu kutazamia kwa karata, Katekisimu ya Kanisa Katoliki imesema wazi katika namba 2116: kila namna ya uaguzi ikataliwe. Hatuna la kuongeza hapo. Lakini katika habari ya Golden Dawn lipo jambo moja linalostahili kufikiriwa. Kuanzia mwaka 1937 ibada zao za siri zilichapishwa na Israel Regardie, aliyekuwa amepita katika tawi mojawapo la jamii hiyo, na tangu hapo kila mwenye fedha ya kununua kitabu aliweza kuzisoma. Wenye kuzitetea walijibu kwamba kuisoma ibada si kuipitia. Mengi katika mafundisho yao hatuyakubali, lakini katika hilo hawakukosea. Ipo elimu ambayo haiingii kwa masikio peke yake. Mtu huipata kwa kupita ndani yake. Na mfano wake ulio karibu nasi kuliko London ni Bwami.

Kwanza tuondoe kikwazo cha neno. Jirani zetu Bashi wanaposema mwami, wanamaanisha mfalme. Kwa Balega, kwa maana ya kale, mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika Bwami. Balega wa zamani hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote; kilichowafunga pamoja, ukoo kwa ukoo, ni Bwami. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa alianza chini, katika kongabulumbu, akapanda taratibu akipitia ngazi kama ngandu na yananio, na wachache wakafika kindi, ambayo kilele chake ni lutumbo lwa kindi. Wanawake walikuwa na ngazi zao, bombwa, bulonda na bunyamwa, zilizofungamana na za waume zao, na mume hakuweza kufika juu bila mke aliyeingizwa pamoja naye. Wala kupanda hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Vilihitajika vyakula, nyama na fedha, na vyote hivyo vilikusanywa kwa ndugu na wajomba. Mtu aliyegombana na ukoo wake hakuwa na mlango wa kuingilia.

Na mafundisho yalitolewaje? Hapakuwa na kitabu wala hotuba ndefu. Mwalimu, aitwaye nsingia, alicheza, akaimba methali, akaonyesha kitu. Mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa: gamba la kakakuona, mdomo wa hondohondo, fuvu la mnyama, kiti, ganda la konokono. Zilikuwepo pia sanamu za mbao na za pembe za ndovu, ambazo sasa zinauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo wazee wetu wasingeiamini. Mojawapo ni Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, anayetazama kila upande, kama inavyompasa mwenye kuamua mashauri. Nyingine ni Kuboko kumozi, aliyebaki na mkono mmoja kwa sababu ya kupenda ugomvi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina hilo la pili.

Tazameni hasa lukwakongo, kinyago kidogo cha ngazi ya yananio. Uso wake umepakwa udongo mweupe, na kidevuni kina ndevu ndefu za nyuzi. Mgeni akikiona atadhani ni cha kuvaliwa usoni, basi. Kweli, mara nyingine huwekwa usoni. Lakini pia hushikwa mkononi, hutundikwa kwenye uzio, huburutwa chini kwa ndevu zake, huwekwa gotini, huwekwa juu ya kichwa. Na kila kinapohamishwa, maana yake inahama pamoja na methali inayoimbwa na mwendo wa wanaocheza. Ni kile kile kinyago, na maana zake ni nyingi. Huwezi kumwuliza mzee, "Kinyago hiki maana yake nini?" ukapata jibu moja la kuandika daftarini. Utapaswa kuuliza: kikiwa wapi, mbele ya nani, baada ya neno gani? Kikitundikwa ukutani katika makumbusho ya Tervuren, kila mtu anakiona, nacho kimenyamaza.

Palikuwa na njia nyingine ya kufundisha, iliyoitwa mutanga. Ni kamba ndefu iliyoning'inizwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikibeba methali yake, na wazee wakikaa chini yake waliweza kusemezana asubuhi nzima kwa kugusa kitu hiki na kile. Padri mmoja wa Wamisionari wa Afrika, Georges Defour, aliandika kitabu kizima juu ya kamba hiyo, La corde de la sagesse lega. Ni yeye huyo huyo aliyeanzisha Xaveri pale Bukavu mwaka 1952. Wengi wenu mnavaa skafu ya Xaveri kila Jumapili. Hamkuambiwa kwamba mwanzilishi wake aliketi kujifunza kamba ya babu zenu.

Sasa tujiulize: siri ya Bwami ilikuwa wapi? Gamba la kakakuona si siri. Nyingi kati ya methali zile zilisikika mitaani, na konokono kila mtoto anamjua. Utawala wa Wabelgiji, uliochukizwa na mamlaka usioweza kuyasimamia, uliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Miaka michache tu baadaye mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa kati ya Balega, na wazee walimkubalia ashuhudie ibada zao hadi ngazi za juu kabisa, akaandika. Kitabu chake, Lega Culture, kilitoka mwaka 1973, kikiwa na majina ya ngazi, orodha za vitu na methali kwa mamia. Kama siri ingekuwa ni maneno, ingekwisha mwaka ule.

Haikwisha. Aliyekisoma kitabu anajua habari za Bwami. Hajaonyeshwa Kuboko kumozi mbele ya ndugu aliyegombana naye juzi, huku ukoo wote ukimtazama na kujua ni nani anayesemwa. Hajakesha akicheza mpaka miguu ikavimba. Hajarudi kwa mjomba aliyemnyima salamu mwaka mzima, akapiga magoti kuomba mbuzi mmoja wa kuongezea. Yule mzee wa amani hakusoma amani mahali popote. Alitengenezwa hivyo polepole kwa miaka thelathini au arobaini, na alipofika juu hakuwa na siri ya kuuza, maana aliyoipata haikutengana na mwili wake.

Lugha yetu imetupa maneno mawili, siri na fumbo, nasi tunayachanganya bila uangalifu. Siri ni jambo ambalo mtu amelificha, na likitoboka limekwisha. Fumbo liko mbele ya macho yako, umeambiwa maneno yake yote, na bado unapaswa kulifumbua kwa akili na kwa maisha. Methali ni fumbo. Kitendawili ni fumbo. Na katika kila Misa, baada ya mageuzo, tunaitwa tulikiri fumbo la imani, mbele ya watoto na wageni, milango ya kanisa ikiwa wazi. Waliotafsiri liturujia yetu walichagua vizuri.

Kwa kweli hapa Kamituga mngeweza kutufundisha sisi jambo hili, maana mnaishi juu ya machimbo. Mchimbaji mzoefu akiingia shimoni hugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Sauti fulani humwambia aendelee, nyingine humwambia atoke. Mwulize akueleze tofauti ya sauti hizo. Atakueleza kwa maneno mazuri, na ukiingia peke yako kesho hutasikia kitu. Hakukuficha. Alikupa alichoweza kukupa kwa mdomo, na kilichobaki kinadai uwe pembeni yake siku nyingi. Kinyume chake ni yule anayekuuzia dawa ya kuita dhahabu, au hirizi ya kuzuia shimo lisibomoke. Huyo ana siri kamili: hakuna wa kumpima. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilipoyaporomosha mashimo ya Detroit, makumi ya wachimbaji walizikwa humo, wengi wao vijana wa umri wenu. Hatudai kujua nani kati yao alikuwa amefunga nini kiunoni. Tunajua kwamba biashara ya hirizi haikufa siku ile.

Basi tumrudie kijana na swali lake. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote imo katika sharti lile la mwisho la ujumbe: asimwambie hata mama yake. Bwami ilidai kinyume. Ili uingie, ilibidi mama yako ajue, na mjomba, na shangazi, na jirani uliyemkosea, kwa sababu bila wao usingekusanya hata robo ya vilivyotakiwa. Yaliyofanyika ndani yalikuwa ya ndani. Kwamba unaingia, kijiji kizima kilijua. Siri ya simu inamtaka kijana awe peke yake, usiku, na dola ishirini mkononi. Inamtenga kwanza, kisha inamla. Akitaka kujua tofauti na atazame nani anaachwa gizani, na fedha inaishia kwa nani. Nyama ya Bwami iligawanywa kwa utaratibu na kuliwa na wengi. Dola ishirini hazionekani tena.

Msituelewe vibaya. Hatuwaambii mkaombe kuingizwa, wala hatuipambi Bwami kana kwamba ilikuwa paradiso. Gharama zake ziliwaacha chini wanaume wema wasiokuwa na ukoo mkubwa. Mwanamke asiye na mume alikuwa na nafasi finyu mno. Palikuwa na heshima iliyogeuka majivuno, kama inavyotokea hata katika mabaraza ya parokia, tukubali. Na yapo mambo katika ibada zile ambayo mbatizwa hawezi kuyashika. Tunachokataa ni ule uvivu wa kusema "giza" juu ya kila kitu tusichokijua, kwa sababu uvivu huo unamwacha kijana bila macho. Akiambiwa kwamba babu na tapeli ni sawa, siku atakapogundua kwamba babu hakuwa mbaya ataamua kwamba huenda na tapeli si mbaya.

Liko pia deni letu wenyewe, na hili linatuuma zaidi. Kanisa la mwanzo lilijua vizuri elimu hii ya kupitia. Katika karne ya 4 wakatekumeni walitoka nje kabla ya sala ya Ekaristi kuanza. Hawakufundishwa maana yote ya ubatizo kabla hawajabatizwa. Waliingizwa majini usiku wa Pasaka, wakapakwa mafuta, wakala Mwili na kunywa Damu ya Bwana, na baadaye, katika juma lililofuata, askofu aliwaketisha akawafafanulia waliyoyaona. Katekesi za namna hiyo tunazo bado, zinazohusishwa na Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, na nyingine za Mtakatifu Ambrosi wa Milano. Wote wawili wanatoa sababu inayofanana: macho yaliyokwisha kuona husikia vizuri zaidi. Bwana mwenyewe, wanafunzi wawili walipomwuliza anakaa wapi, hakuwapa maelezo. Aliwaalika waje wajionee, nao wakashinda kwake siku ile.

Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa upya na Roma mwaka 1972, ulirudisha hatua hiyo ya mwisho, kipindi cha mistagojia, majuma yale ya Pasaka ambayo wabatizwa wapya wanapaswa kusindikizwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, kule Kinshasa, Padri Ignace Matondo kwa Nzambi, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, akiwapitisha vijana katika hatua zilizojengwa juu ya desturi zetu za kuingizwa utu uzima. Hivyo hatuwezi kusema hatukujua.

Na sisi tunafanyaje? Tunawakaririsha watoto maswali na majibu. Tunawapima kwa kumbukumbu. Siku ya sakramenti kuna nguo nyeupe, picha, soda na wali, na Jumapili ya pili hakuna anayewauliza kitu. Kijana wa miaka kumi na saba anaondoka akiamini kwamba Ukristo ameumaliza, kwa kuwa maneno yake yote anayajua. Hakuna ngazi iliyobaki mbele yake. Kisha simu inaita saa tano usiku na kumwambia kwamba kipo kilichofichwa, na kwamba yeye ameteuliwa. Tushangae nini akifungua?

Tunawaomba makatekista wetu wa Kamituga, kwa heshima, wasifunge darasa usiku wa Pasaka. Majuma saba mpaka Pentekoste yawe ya kukaa na hao wapya: mmoja akeshe nao kwa mgonjwa, mwingine awapeleke kuchimba kaburi la maskini, kisha wakae waulizane ule ubatizo ulikuwa nini. Viongozi wa vikundi wafanye vivyo hivyo kwa waliopata kipaimara. Haihitaji fedha. Inahitaji watu wazima wasio na haraka, na hao ndio adimu.

Kijana wetu tulimwita tena baada ya Pasaka, tukamwomba radhi kwa jibu la kwanza. Alikuja na kitu amekifunga katika kitambaa: gamba moja la kakakuona, la zamani, lililotoboka ncha, alilolikuta katika mkoba wa babu yake. Alitaka kujua maana yake. Tulimwambia ukweli, kwamba hatujui. Tulimpeleka Jumamosi kwa mama mmoja mzee, mjane wa mtu wa kindi, ambaye kila Jumapili huketi katika benchi la tatu kanisani. Mama alilipokea lile gamba kwa mikono miwili, akaligeuza, akamtazama kijana kwa muda. Kisha akamwuliza kama amekwisha kupatana na kaka yake. Baada ya hapo waliendelea kwa Kilega, kwa sauti ya chini, nasi tulitoka tukangoja uani.